Mafua yamekwisha, mbona naona sindano mbili?

Mama Daktari, tabibu mstaafu wa macho, anajibu barua za wasomaji

SWALI: Shikamoo Mama Daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34, nashona hapa Morogoro mjini. Mwezi uliopita mafua yaliingia nyumbani kwetu tukalala wote: homa, kikohozi kikavu, viungo kuuma, na mimi harufu na ladha vikapotea. Hatukupima chochote. Tulipona, nikarudi kazini. Kama wiki moja baadaye nikawa naona sindano mbili kwenye cherehani, moja imekaa ubavuni mwa nyingine, na mshono mmoja nauona miwili. Nikifumba jicho moja, lolote lile, sindano inarudi kuwa moja. Nilikwenda duka la miwani, nikapimwa na kuuziwa miwani, hali ikabaki ile ile. Duka la dawa nikapewa dawa ya matone. Sasa kope zimekuwa nzito, ncha za vidole zina ganzi, na nikitembea nayumba hadi vijana wa bodaboda wananiuliza nimeanza lini kunywa, nami sijawahi kugusa pombe. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu. Je, mafua yanaweza kufanya haya, au ndiyo napofuka? – M., Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hupofuki. Na ndiyo, mafua yanaweza kufanya haya.

Wasomaji wengine wajue kwamba barua hii haikungoja zamu yake. Nilipofika pale anaposema akifumba jicho lolote sindano inakuwa moja, kisha nikakuta ganzi, kisha kuyumba, nilimwomba mhariri ampigie simu jioni ile ile. Tulimwambia afunge cherehani, aende hospitali ya rufaa ya mkoa bila kungoja kesho, aende na mtu, na asipande bodaboda, kwa sababu anayeyumba akiwa ardhini hawezi kujishikilia kwenye pikipiki. Alikwenda na mke wake. Ameniruhusu nieleze yaliyofuata, ili mwingine akipatwa na hali hii asipoteze siku zake kwenye maduka.

Nianze na jicho kufumbwa, maana hapo ndipo penye jibu. Kuona vitu viwili kuko kwa namna mbili. Mtu akifumba jicho moja na bado anaona viwili, tatizo liko ndani ya jicho lililo wazi: mtoto wa jicho, kovu kwenye kioo cha jicho, au miwani inahitajika kweli. Lakini akifumba lolote kati ya hayo mawili na kitu kikawa kimoja, basi kila jicho peke yake ni zima. Kilichoharibika ni ushirikiano wao: jicho moja linatazama huku, lingine limebaki nyuma kidogo. Hapo miwani ya kawaida na dawa ya matone haviwezi kusaidia, hata viwe vizuri namna gani. Kipimo hiki hakina gharama. Ningependa kila anayeuza miwani nchini amfanyie mteja kabla ya kugusa kisanduku cha lenzi, na akikuta kitu kinakuwa kimoja, amwelekeze hospitali siku hiyo hiyo.

Kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza, na misuli hiyo inaendeshwa na mishipa ya fahamu mitatu itokayo kwenye ubongo. Madaktari huihesabu kwa namba. Wa sita huvuta jicho kwa nje, upande wa sikio. Wa nne hulisaidia kutazama chini, kama mtu anaposhuka ngazi. Wa tatu hufanya karibu kazi yote iliyobaki, na ndio unaoinua kope. M. alipoambiwa afuate kidole cha daktari kwa macho bila kugeuza kichwa, macho yote mawili yaliishia njiani alipotakiwa kutazama pembeni, na kope hazikupanda sawasawa.

Kisha wakampima magoti. Alikaa ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, daktari akamgonga chini ya kifuniko cha goti kwa nyundo ya mpira. Mguu wa mtu mzima wa afya hujirusha wenyewe. Wa M. ulitulia tuli, kulia na kushoto. Alipoambiwa asukume mkono wa daktari kwa mguu, alisukuma kwa nguvu zote za kijana. Mke wake alishangaa: miguu ina nguvu hivi, mbona anayumba? Jibu ni kwamba nguvu ilikuwepo, ila taarifa za kuuambia ubongo mguu uko wapi hazikuwa zikifika inavyotakiwa. Akiambiwa atembee kisigino mbele ya vidole kwenye mstari, anaangukia ukuta.

Macho kushindwa kugeuka, kuyumba bila udhaifu mkubwa wa miguu, na magoti kutoitikia nyundo: mambo haya matatu yakikutana, tabibu hukumbuka jina la Charles Miller Fisher, daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Kanada. Mwaka 1956 alieleza wagonjwa watatu wenye hali hii, na tangu hapo ugonjwa huu unaitwa kwa jina lake. Ni ndugu wa ugonjwa mwingine unaofahamika zaidi, Guillain-Barré, ulioelezwa na madaktari Wafaransa mwaka 1916 kwa askari wawili wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ule huanzia miguuni na kupanda juu kwa udhaifu. Huu wa Miller Fisher huanzia machoni. Yote miwili hutokea mara chache. Guillain-Barré humpata mtu mmoja au wawili kati ya watu 100,000 kwa mwaka, na Miller Fisher ni adimu zaidi ya hapo.

Sasa mafua yameingiaje? Virusi vikiingia, mwili hutengeneza kingamwili za kupambana navyo. Mara chache sana kingamwili hizo huchanganya umbo la adui na umbo la kitu cha mwili wenyewe, kama sungusungu wanaomkamata jirani kwa sababu shati lake linafanana na la mwizi. Kwenye Miller Fisher kinachokamatwa ni aina ya mafuta yenye sukari inayoitwa GQ1b, ambayo imejaa hasa kwenye ile mishipa mitatu ya macho. Ndiyo maana macho huumia kwanza. Wengi wa wagonjwa hawa wakipimwa damu hukutwa na kingamwili hizo. Na ndiyo maana dalili huja baada ya mafua kupungua au kwisha, siku kadhaa au wiki chache baadaye, wakati mgonjwa ameshasema amepona na amerudi kazini. Mpangilio huu wa siku ndio unaowapoteza watu. Hawaunganishi sindano mbili za leo na kikohozi cha mwezi jana.

Ukiniuliza kama M. alikuwa na Uviko-19, siwezi kusema, maana hakupimwa alipokuwa anaumwa. Kupotea kwa harufu kunanifanya nidhani hivyo. Mwaka 2020 madaktari wa Hispania walieleza wanaume wawili wenye Korona, mmoja wa miaka 50 na mwingine wa miaka 39. Wa kwanza alipata Miller Fisher siku chache baada ya homa na kikohozi. Wa pili macho yake yalishindwa kutazama nje pande zote mbili. Yule wa miaka 50 alipewa imunoglobulini kwa dripu, dawa nitakayoieleza hapo chini, wa miaka 39 alipewa paracetamol tu, na wote wawili macho yao yalirudi ndani ya wiki mbili. Wa kwanza alibaki bila harufu na ladha kwa wakati ule. Lakini Korona haina hatimiliki. Ugonjwa huu ulijulikana miaka 64 kabla yake, ukifuata mafua mengine, na hata kuhara kunakoletwa na bakteria aitwaye Campylobacter.

Naomba msomaji asijipachike jina hili nyumbani. Kuona mbili kwa ghafla kuna sababu nyingine ambazo ni za haraka zaidi. Kiharusi ni moja. Kisukari na shinikizo la damu huweza kuziba mshipa mdogo wa damu unaolisha neva, yaani mshipa wa fahamu, ya jicho. Kifua kikuu au fangasi wakiingia kwenye utando wa ubongo, hasa kwa mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, huongeza shinikizo kichwani na neva ya sita hushindwa kazi. Hapo kwa kawaida kichwa huuma sana. Kuna ugonjwa wa misuli kuchoka, ambao asubuhi mtu yuko sawa na jioni kope zimeanguka. Na kuna upungufu mkali wa vitamini B1 kwa mnywaji wa muda mrefu au anayetapika kila siku, ambao unafanana na Miller Fisher karibu kwa kila kitu, na vitamini ikicheleweshwa ubongo huharibika moja kwa moja. Ndiyo maana hospitali walimpima M. sukari, presha, VVU, wakampiga picha ya CT ya kichwa, kisha wakachota maji ya uti wa mgongo. Maji yale yalikuwa na protini nyingi kuliko kawaida bila chembe za kuonyesha maambukizi. Hicho ni kipande kingine kilichokaa mahali pake.

Kilichonitia wasiwasi zaidi jioni ile ni pumzi, kuliko hata macho. Kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa huu huteremka, ukageuka kuwa ule ndugu yake, na misuli ya kumeza na kupumua ikalegea. Kwa hiyo alilazwa, na kila baada ya saa chache muuguzi alimwambia avute pumzi moja ndefu ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Mtu mzima mwenye afya hupita thelathini bila shida. Anayeshindwa kufika ishirini hutazamwa kwa karibu sana, na namba ikiendelea kushuka huandaliwa chumba cha uangalizi maalumu. Mke wake aliniambia alikuwa akihesabu naye kimoyomoyo kando ya kitanda, kila mara. M. hakuwahi kushuka chini ya ishirini na tano.

Kuhusu dawa: ipo imunoglobulini, kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya wachangiaji wengi, huingizwa kwa dripu kwa siku tano. Bei yake ni kubwa mno na si kila hospitali inayo. Niwatoe hofu wenye ndugu aliye kwenye hali hii: Miller Fisher ambao umebaki machoni na kwenye kuyumba, bila kugusa pumzi wala miguu, mara nyingi hupona bila dawa hiyo, na uangalizi ndio unaookoa. Prednisolone, dawa ya kutuliza kinga ya mwili na uvimbe, ambayo huuzwa kwenye maduka ya dawa kama karanga za barabarani, haijaonekana kusaidia ugonjwa huu wa mishipa. Usimnunulie mgonjwa kwa sababu ilimsaidia jirani mwenye pumu.

Alipopewa ruhusa nilimwambia azibe jicho moja kwa kitambaa safi anapotaka kusoma au kula, na abadilishe jicho kila siku. Asipande ngazi bila kushika ukuta, asiendeshe chombo chochote, asiguse mkasi mkubwa. Nguvu ya macho kwa kawaida huanza kurudi ndani ya wiki chache, na wengi huwa wamepona au wamekaribia kupona ndani ya miezi sita. Tulipoongea mara ya mwisho kope zilikuwa zimepanda, na akitazama mbele anaona sindano moja. Akitazama pembeni bado zinajitenga. Goti bado halijibu nyundo, nalo lisimsumbue; hurudi mwisho, au hubaki hivyo kwa mtu ambaye amepona mengine yote.

Na mama mkwe, ambaye najua anasoma ukurasa huu: mama, hukukosea kuogopa. Mtu aliyelala mzima na kuamka kope zimeanguka anatisha. Mwombee sana. Ila mtu mwingine nyumbani akianza kuona mbili, apelekwe hospitali kwanza, na dua zisomwe kando ya kitanda.

SWALI: Habari Mama Daktari. Mimi ni mwalimu, Temeke. Niliugua macho mekundu pamoja na koo na mafua, darasa langu karibu zima liliugua. Wekundu ulikwisha, lakini sasa naona ukungu, na usiku taa za magari zina duara. Jirani alinipa dawa yake ya matone yenye dexamethasone. Nikiitumia ukungu unaondoka, nikiacha unarudi. Niko nayo mwezi wa pili sasa. Je, niendelee? – Mwl. R.

JIBU: Mwalimu, nenda kliniki ya macho wiki hii, na uende na hiyo chupa. Usiiache ghafla leo, na usinunue nyingine.

Macho mekundu ya mlipuko, kama yale yaliyotusumbua Dar es Salaam na mikoa mingine Januari 2024, huletwa na virusi. Katika jamii ya adenovirusi wapo wanaoshika koo na macho kwa pamoja. Wengi hupona wenyewe kwa wiki mbili au tatu. Kwa wengine, wekundu ukishaondoka, hutokea madoa madogo meupe kwenye kioo cha mbele cha jicho. Virusi wakati huo hawako tena. Madoa ni kinga ya mwili iliyojikusanya pale walipokuwa, na ndiyo yanayotawanya mwanga wa taa za magari. Hukaa wiki, hata miezi, kisha mengi yao hufifia.

Dexamethasone hutuliza kinga hiyo na kuyafuta madoa, ndiyo maana unaona nafuu, na ukiacha yanarudi. Tatizo ni kwamba matone hayo yakitumika kwa muda bila mtu kukupima, presha ya jicho hupanda kimyakimya. Hakuna maumivu. Mtu hugundua siku pembeni pamekuwa giza, na kilichopotea kwa presha ya macho hakirudi. Katika miaka yangu ya kazi nimewakuta vijana waliopoteza jicho kwa chupa ya namna hii, na kila mmoja aliipewa na mtu aliyempenda. Kliniki watapima presha, wataangalia madoa, na watakupunguzia tone kwa tone.

Ukifika mapokezi sema mapema kwamba ulikuwa na macho mekundu, na vaa barakoa kama bado una mafua. Tunapopima macho, uso wa daktari na wa mgonjwa huwa karibu kugusana. Li Wenliang, aliyewatahadharisha wenzake kuhusu Korona kule Wuhan na kufariki Februari 2020, alikuwa daktari wa macho, na aliamini aliambukizwa na mgonjwa wa presha ya macho ambaye hakuwa na dalili yoyote.

Kwa darasa lako: kila mtoto na taulo yake, mikono ioshwe, na mwenye macho yanayotoa machozi abaki nyumbani. Majani ya chai, maziwa ya mama, mkojo na maji ya chumvi ya jikoni visiwekwe machoni kabisa. Kitambaa safi chenye maji baridi kinatosha.

SWALI: Assalaam alaykum Bi Daktari. Nipo Wete, Pemba. Tangu nilipougua Korona harufu haikurudi sawa. Naanika karafuu jamvini, siisikii harufu yake, mimi niliyezaliwa nayo. Na kitunguu kikikaangwa nasikia kama mpira unaoungua, hata kula nashindwa. Mishipa imekufa? – Bi S.

JIBU: Waalaykum salaam, Bi S. Haijafa. Virusi vya Korona hushambulia hasa seli zinazoilea na kuitunza mishipa ya harufu juu ndani ya pua, na mishipa yenyewe huwa na uwezo wa kuota upya. Hiyo harufu ya mpira, ingawa inakera, kwa wengi huonyesha kwamba mishipa inaota na bado haijaungana mahali pake.

Kuna mazoezi, na yalianzia kwa daktari Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, aliyeyachapisha mwaka 2009. Yanatumia harufu nne: waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Uko Pemba, ya nne unayo jamvini. Weka kila kimoja kwenye kikopo chenye kifuniko. Asubuhi kabla ya kula na usiku kabla ya kulala, nusa kila kikopo kwa sekunde kumi hivi, taratibu, huku ukiikumbuka harufu ilivyokuwa. Kama husikii kitu, nusa hivyo hivyo. Fanya kila siku kwa muda usiopungua miezi mitatu, na usikate tamaa ukivuka hapo, wengine huchukua zaidi ya mwaka.

Kitunguu na kitunguu saumu viweke pembeni kwa sasa, na chakula kile kikiwa cha vuguvugu, maana cha moto sana huzidisha ile harufu mbaya. Mjukuu akuonjee maziwa na samaki kabla hujala, na kama mnapikia gesi, asiyeugua ndiye awe anakagua mtungi kila usiku. Ukiona pua moja tu ndiyo isiyosikia, au inatoka damu, nenda hospitali kwanza, mazoezi baadaye.